Ushuru wa Mashimo ya Jana

Hapo zamani za kale, wakati jana ikipita ilikuwa imepita na hakuna aliyeirudia kuidai, wanyama waliishi pamoja katika nchi kavu iliyoitwa Mbugakavu. Sikilizeni, wanangu, na msikilize kwa makini, kwa maana kisa hiki hakina mwovu mmoja wa kumnyooshea kidole. Kingekuwa naye, kingekuwa rahisi kusimulia.

Jumbe wa Mbugakavu alikuwa Tembo. Mshauri wake, aliyezijua sheria zote kwa kichwa, alikuwa Fisi. Na fundi wa nchi nzima alikuwa Mzee Muhanga, yule mwenye masikio marefu na kucha kama majembe.

Kazi ya Muhanga ilikuwa kuchimba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Ukitaka nyumba ya chini ya ardhi, yenye ubaridi mchana na joto usiku, humwendei mwingine. Ngiri alilala katika shimo la Muhanga. Nungunungu aliweka viazi vyake katika shimo la Muhanga. Fisi mwenyewe, pamoja na sheria zake zote, alizaliwa katika shimo la Muhanga na alikuwa bado anaishi humo. Malipo yalikuwa pishi ya mtama. Asiye na mtama alichimbiwa vilevile, akaambiwa, "Utanipa mvua zikinyesha."

Pimbi peke yake hakuhitaji shimo. Alikuwa mdogo, mwepesi, hana mkia, na aliishi majabalini. Lakini mwaka mmoja moto wa nyika ulimkuta mbali na mawe yake. Mkewe Muhanga alitoa kichwa nje, akamshika shingoni.

"Ingia upesi, mwanangu! Mkia wako utaungua!"

"Sina mkia, Bibi!"

"Basi huna cha kuungua ila wewe mwenyewe. Ingia!"

Wakacheka humo ndani gizani, huku moto ukivuma juu yao, vuuu! Pimbi hakuisahau siku ile. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Ikaja miaka ya ukame. Siku moja Tembo aliingiza mkonga ghalani, akautoa mtupu.

"Fisi! Ghala limebaki harufu tu."

"Heee, hee! Ghala hujazwa kwa ushuru, Jumbe. Tutoze mashimo. Pishi moja kwa kila shimo."

"Hilo nimelifikiria. Muhanga ataacha kuchimba, na sisi tutakosa."

"Ndiyo maana hatutatoza yatakayochimbwa, Jumbe. Tutatoza yaliyokwisha kuchimbwa. Shimo la kesho mtu anaweza kuliahirisha. La jana litakimbilia wapi? Jana haina mlango wa kutokea."

Tembo akapepea masikio, pwaa, pwaa. "Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza iliponyesha nchi hii. Aliyoyachimba yeye, na waliyoyachimba baba zake."

"Na tutamtaja kwa jina?"

"La, hasha! Tukimtaja itaonekana tunamwonea. Tuseme 'kila aliyefukua ardhi', itaonekana ni haki."

Tembo alilipenda sana neno hilo, haki. Hakuuliza zaidi.

Baraza likaitwa. Fisi akaisoma sheria kwa sauti tamu, kisha Tembo akauliza, "Mnasemaje?"

Wanyama wakatazamana. Ngiri hakuwa mchimbaji, alikuwa mpangaji. Mnana, yule ndege, alifuma vikapu juu ya miti. Nungunungu alilima viazi, na kulima, alijiambia, si kufukua hasa. Macho yote yakamwendea Muhanga, kisha yakatazama chini.

"Ndiyo," akasema Ngiri.

"Ndiyo," akasema Nungunungu.

"Ndiyooo!" akapaza Pimbi kutoka juu ya jiwe lake. "Mimi sichimbi kitu!" Na baadhi wakacheka.

Ni lazima niseme wazi, wanangu: hawakumchukia Muhanga. Kila mmoja alipima tu kama sheria ile itamgusa yeye, akaona haimgusi, akaridhika na kipimo chake.

Muhanga akasimama. Hakuwa msemaji.

"Jumbe, nilipochimba mashimo yale, ilikuwapo sheria ya kunikataza?"

Fisi akajibu badala ya Tembo. "Haikuwapo."

"Ilikuwapo ya kuniambia nitalipa?"

"Haikuwapo."

"Basi nilikosea nini?"

"Hukukosea, Mzee wangu. Hii si adhabu. Ni ushuru."

"Na tofauti yake?"

Fisi akafikiri. Nampa haki yake: alifikiri kweli. "Adhabu," akasema polepole, "mtu anaweza kuiepuka kwa kutotenda kosa."

"Na hii?"

"Hii huwezi."

Hesabu ikaanza. Fisi alizunguka nchi nzima, shimo baada ya shimo, mengine yamemea majani, mengine yameporomoka zamani. Alipofika mlangoni pake mwenyewe alisita, kisha akalihesabu.

"Hata hili?" akauliza Muhanga. "Hili nililichimba bure, mama yako akiwa na mimba yako."

"Bure au si bure, Mzee, ni shimo."

Mtama wa Muhanga ukaisha kabla mashimo hayajaisha. Wakachukua vyombo. Vyombo vilipokwisha, wakachukua nyumba yenyewe, ile ndefu yenye vyumba, ikawa ghala la Jumbe. Muhanga na mkewe wakatoka na kukaa chini ya kichaka cha miiba.

Sasa ghala lilijaa, na Tembo akanenepa. Laiti jambo lingeishia hapo, Fisi angehesabiwa mwenye akili. Lakini Pimbi alipokwenda sokoni kununua kikapu, alimkuta Mnana ameketi na mikono mitupu.

"Vikapu viko wapi, Mama Mnana?"

"Sifumi tena."

"Ukindu umekwisha?"

"Ukindu upo tele. Leo wametoza mashimo ya jana. Nitajuaje kwamba kesho hawatatoza vikapu vya leo?"

Akamwendea Nungunungu. Shamba lilikuwa na magugu.

"Nipande ili iweje?" Nungunungu akang'aka, miiba ikamsimama, charara! "Nikipata viazi vingi, watanidai na vile alivyokula marehemu baba yangu!"

Akamwendea Ngiri, aliyekuwa amesema tangu mwaka jana kwamba atajenga stoo kubwa ya mtama.

"Nasubiri," akasema Ngiri.

"Unasubiri nini, ndugu yangu?"

"Sijui. Ningekuwa najua, nisingesubiri."

Hivyo soko likanyamaza. Hakuna aliyekatazwa kufanya kazi, wala hakuna aliyenyang'anywa ila Muhanga peke yake. Lakini kila mmoja alikuwa ameona kwamba kinachowezekana kwa Muhanga kinawezekana, na hilo likatosha.

Chini ya kichaka, Bi Muhanga alikuwa akidhoofika. Ngozi ya muhanga ina manyoya machache, wanangu. Haikuumbwa kukaa juani.

"Mume wangu, chimba japo kishimo kidogo. Jua linanichoma."

"Nikichimba, Bi, likiisha tu limekuwa shimo la jana, deni linaongezeka, na hilo nalo watalichukua. Tutatoka tena, nawe umekwisha kuzoea kivuli."

"Basi tukae. Nisogezee sikio lako linikinge."

Akamsogezea sikio lake refu. Halikutosha. Kabla kiangazi hakijaisha, Bi Muhanga akafariki.

Siku ile wanyama wakaisikia tena ile sauti waliyokuwa wameisahau. Kwaru. Kwaru. Polepole. Pimbi akakimbia mpaka kichakani, akamkuta Muhanga anachimba kaburi. Alilichimba vizuri, pembe zake zimenyooka, kama vile kuna mtu atakuja kuishi humo.

Walipokwisha kumzika, Fisi akatokea, kichwa ameinamisha.

"Pole, Mzee. Pole sana."

"Tumekwisha poa."

Fisi akakohoa. Akatazama pembeni. "Hili nalo... ni shimo."

"Ni kaburi!" Pimbi akaruka. "Kaburi, wewe! Huoni haya?"

"Naona haya. Lakini sheria inasema 'kila aliyefukua ardhi', haikutofautisha. Nikisahau hili moja, nitaulizwa kwa nini niliyakumbuka mengine."

Muhanga akafuta udongo kuchani. "Lihesabu, mwanangu," akasema. "Ulizaliwa shimoni mwangu. Lihesabu tu."

Fisi alipoondoka, Pimbi hakuweza kuinua uso.

"Mzee, siku ya baraza, mimi nilisema ndiyo."

"Nilikusikia. Una sauti kali."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Lakini kusamehe kwangu hakuitoi ile ndiyo. Imo ndani ya sheria mpaka sasa."

Pimbi akarudi majabalini. Hakula, hakulala. Asubuhi alikuwa na shauri moyoni.

Sasa niwaeleze desturi moja ya Mbugakavu, kwa maana hapo ndipo jambo lilipogeukia. Kila kiangazi kilipoisha, wanyama walipiga kura juu ya Jumbe wao. Palichimbwa mashimo mawili, moja liliitwa Abaki na jingine Aende, na kila mnyama alidondosha kokwa la tunda la mng'ongo katika shimo alilotaka. Mashimo yale yalipaswa kuwa mapya kila mara. Wazee walikuwa na sababu: shimo la zamani hubaki na makokwa ya zamani, na kokwa la jana halihesabiwi leo. Na tena, mwaka usio na kura, kiti cha Jumbe kilihesabiwa kitupu.

Mchimbaji wa mashimo yale miaka yote alikuwa Muhanga. Safari hii alipoitwa alijibu kwa upole, "Nadaiwa ya kutosha." Ngiri akaitwa, akasema pua inamwuma. Nungunungu akasema ana mafua. Fisi akatazama kucha zake, akatazama sheria yake, akasema mgongo haumruhusu.

Tembo akawa anatembea huku na huku, gudu, gudu, ardhi ikitetemeka. "Kura ni kesho, na sina hata shimo moja! Nitatolewa kitini kwa kukosa mashimo!"

"Shikamoo, mjomba!" ikasema sauti nyembamba miguuni pake.

Tembo akainamisha kichwa. "Marahaba. Ni nani? Ah, Pimbi. Nani kakwambia mimi ni mjomba wako?"

"Tazama vijino vyangu vya mbele, mjomba, navyo ni pembe. Damu ni moja, tofauti ni kipimo tu."

Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya, mpwa wangu asiye na mkia! Una habari gani?"

"Nashangaa unahangaika. Unatafuta mchimbaji, na wewe mwenyewe ni mchimbaji mkuu kuliko wote?"

"Mimi?"

"Visima vya Mto Mkavu vilichimbwa na nani? Si pembe zako na za baba zako? Mito ikikauka, nani hufukua mchanga mpaka maji yatoke, na wadogo kama sisi tukanywa nyuma yenu?"

"Kweli," akasema Tembo, kifua kikimpanuka. "Ni sisi."

"Basi kesho chimba mashimo ya kura mbele ya watu wote. Na ukichimba, utaje kila kisima, wasikie. Sisi tutaitikia. Nani atathubutu kudondosha kokwa katika Aende?"

"Pimbi," akasema Tembo, "kumbe kweli wewe ni damu yangu."

Kesho yake uwanja ulijaa. Kila mnyama alishika kokwa lake. Muhanga naye alikuja, akasimama nyuma kabisa, amejifunika kwa masikio yake kukinga jua.

Tembo akapiga pembe ardhini. Kuu! Kuu! Vumbi likaruka. Mashimo yakatoka mapana na yamepinda, lakini yalikuwa mashimo.

"Taja, mjomba!" Pimbi akapaza kutoka kwenye jiwe. "Kisima cha Mwembamba, nani alichimba?"

"Mimi!"

"Cha Kichangani?"

"Mimi tena!"

"Na vile vya zamani, vya Bonde la Juu?"

"Baba yangu! Na kabla yake babu yangu, na babu wa babu yangu! Tangu mvua ya kwanza iliponyesha nchi hii, ni sisi tuliofukua ardhi yake!"

Fisi, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa furaha, ghafla akaacha kutikisa.

"Jumbe," akanong'ona. "Jumbe, inatosha."

"Usinikatize! Nimesahau kile cha Mkwajuni!"

"Jumbe, nakusihi, nyamaza!"

"Na cha Mkwajuni pia ni mimi!" Tembo akanguruma, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Pimbi akangoja vigelegele vikatike. Kisha akauliza kwa adabu, "Bwana Fisi, wewe ndiye mjuzi wetu. Kisima ni shimo?"

Fisi akajifanya hakusikia.

"Kaburi lilikuwa shimo," akasema Ngiri kwa sauti ya chini.

Fisi akapima moyoni. Akitamka kwamba kisima si shimo, kila mmoja angemwuliza kaburi lilikuwaje shimo. Akitamka kwamba ni shimo, anayedaiwa kuliko wote yuko mbele yake, na ana pembe. Alitazama huku, akatazama kule, mlango hakuuona.

"Ni... shimo," akasema.

"Na sheria inamgusa nani?"

"Kila aliyefukua ardhi."

"Ati nini?" Tembo akageuka, uso umemsawijika. "Visima vyangu? Nilipovichimba sheria hiyo haikuwapo! Nani aliniambia nitalipa? Nilikosea nini mimi?"

Hakuna aliyecheka. Maneno yale kila mmoja aliyajua. Aliyasikia barazani, kwa sauti nyingine, na siku ile alitazama chini. Sasa nyuso zikageuka moja moja kumtafuta Muhanga kule nyuma. Yeye alikuwa anatazama udongo.

"Umesema mwenyewe, mjomba," akasema Pimbi. Sauti yake haikuwa na ushindi. "Unayoyasema ni kweli. Yalikuwa kweli hata siku ile."

Tembo akayatazama mashimo aliyoyachimba. "Sheria nimeifuta," akasema mwishowe. "Imefutwa. Haipo."

Kisha kura ikapigwa. Wanyama walipita mmoja mmoja. Tok. Tok. Tok. Wote walikwenda upande mmoja, na shimo la Abaki likabaki tupu kama mkonga wa Tembo siku ile ghalani. Wapo wasemao kwamba Tembo alilia alipoondoka. Sikupata shahidi wa kuaminika wa jambo hilo. Walioliona shimo la Abaki, hao ni wengi.

Wa mwisho kupita alikuwa Muhanga. Akafika kwenye mashimo, kokwa mkononi, akasimama. Ukingo wa shimo la Aende ulikuwa umeporomoka upande mmoja, kazi mbovu. Akainama. Kucha lake likanyoosha ukingo, kwaru, mara moja, kama mama anavyomfuta mtoto pua bila kufikiri. Halafu akashtuka, akarudisha mkono nyuma kama aliyeshika kaa la moto.

Pimbi aliliona hilo, akashuka jiweni mbio.

"Mzee, sheria imekufa! Umesikia? Nyumba yako ni yako. Rudi. Ngiri anataka stoo, Nungunungu anataka ghala la viazi. Sote tunakuhitaji."

"Nimesikia, mwanangu. Umefanya jambo kubwa. Bi wangu angekucheka, angekuuliza tena habari za mkia wako."

"Basi utarudi?"

Muhanga akalitazama kokwa lake.

"Nilikuwa nikimaliza shimo, najua limekwisha. Nalala. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yangu. Hizi kucha ni vyombo tu. Sasa nikichimba nitajiuliza ni nani, siku gani, atakuja kunidai. Mmefuta sheria. Ile siku niliyojua kwamba mnaweza kuitunga, mtaifuta kwa kitu gani?"

Pimbi mwenye maneno mengi akampisha njia.

Muhanga akaliweka kokwa lake juu ya kaburi la mkewe, akauvuka Mto Mkavu, akaenda. Mbugakavu ikapata jumbe mwingine, na huyo akaapa mbele ya baraza kwamba hatadai jana ya mtu. Wakamshangilia. Lakini Ngiri hakujenga stoo mwaka ule, na Mnana alifuma kikapu kimoja tu, cha kutumia mwenyewe. Na moto wa nyika uliporudi, vuuu, wengi walikimbilia mashimo ya zamani, nayo yalikuwa yamejaa mchanga.

Ndiyo maana mpaka leo, wanangu, Muhanga huchimba peke yake, gizani, pasipo macho ya mtu. Na shimo likiisha hukaa humo siku chache, akaliacha, akaenda kuchimba kwingine, asije akakutwa nalo. Na Pimbi hukaa juu ya jiwe lake akipiga kelele usiku kucha. Wengine hudai anawaita wenzake. Mimi nimewasikiliza pimbi kwa muda mrefu, na naona sauti ile inafanana zaidi na ya mtu anayejaribu kulirudisha neno alilokwisha kulisema.

Anayeitoza jana huizika kesho.